Tafakari ya Ramadhani, siku ya 17: Kifusi cha fuko



Waingereza wana msemo juu ya mtu anayelikuza jambo dogo: wanasema amegeuza kifusi cha fuko kuwa mlima. Sisi wa Kishanda hatuhitaji kueleweshwa sana. Fuko tunamjua. Unaingia kibanjani asubuhi, unakuta kilima cha udongo chini ya mgomba, unakisawazisha kwa jembe, unaendelea na palizi. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao cha kitongoji kwa sababu ya kifusi kile.

Lakini majumbani mwetu, na hasa mwezi huu, vikao vinaitishwa. Chumvi imezidi kwenye maharage ya futari. Mtoto kapita mbele ya safu wakati wa tarawehe, mzee kamkaripia, baba wa mtoto kachukia, sasa familia mbili hazisalimiani. Kandambili zimebadilishwa mlangoni mwa msikiti, na kabla watu hawajamaliza kutoka, tayari kuna jina la mwizi linatajwa. Eti ni swaumu. Swaumu gani hiyo? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfungaji akitukanwa au akichokozwa aseme amefunga. Yaani funga ni sababu ya kunyamaza, sisi tumeifanya sababu ya kufoka.

Tazameni alivyofanya yeye mwenyewe. Bedui mmoja aliingia msikitini Madina, akasogea pembeni, akakojoa. Ndani ya msikiti wa Mtume! Masahaba wakamwinukia. Mtume akawazuia, wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Basi. Baadaye akamweleza yule mtu kwa upole kwamba misikiti haikujengwa kwa mambo hayo, bali kwa kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'ani. Maulamaa wameeleza hekima yake: lau wangemkurupusha angejidhuru, na mkojo ungetapakaa kwenye nguo zake na sehemu nyingine za msikiti. Najisi ilikuwa mahali pamoja. Hasira ndiyo ingeisambaza.

Sasa msidhani kila kifusi kinakwisha kwa ndoo moja. Kipo kilichokaribia kuwa mlima kweli. Katika safari ya Banu Mustaliq, kwenye kisima cha Muraysi, kijana wa Muhajirina aligombana na mtu wa Ansari, akampiga. Ugomvi wa watu wawili kisimani. Huyu akawaita Ansari wenzake, yule akawaita Muhajirina, panga zikakaribia kutoka. Mtume akawakemea, akawaambia waache miito hiyo ya kijahilia, maana inanuka. Lakini Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akapata mlango wa kupitia. Akaanza kuwaambia watu wa Madina kwamba wageni hawa watafukuzwa wakirudi mjini. Umar akataka auawe. Mtume hakukubali. Alichofanya ni kuamuru msafara uondoke saa ambayo hakuwa na kawaida ya kusafiri. Wakatembea mchana ule, na usiku wake, hadi jua la siku ya pili likawachoma. Walipoteremka tu, usingizi ukawachukua. Hakuna aliyebaki na nguvu ya kuzungumza habari za kisimani. Surat al-Munafiqun ilikuja kuwaumbua waliochochea.

Mimi hadithi hii hunishangaza kila nikiisoma. Hakukaa kuwathibitishia kwamba jambo ni dogo, maana mtu mwenye hasira ukimwambia jambo lake ni dogo ndiyo kwanza analiongeza. Aliliondolea muda na midomo. Leo midomo hiyo ni makundi ya simu: mtu anatuma sauti ya dakika nne saa kumi na moja jioni, hajafuturu, na hadi Isha imefika Muleba yote.

Na mlima wa kweli mkoa huu tunaujua. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idd el-Hajj, ardhi ilitikisika, nyumba zikaanguka Bukoba na jirani zake, watu zaidi ya 15 wakafariki. Waliolala nje siku zile wawasimulie vijana.

Ila nisieleweke vibaya. Mke anayepigwa akilalamika, hakuzi kitu. Aliyemegewa kibanja chake akidai mpaka, hakuzi kitu, wala anayedai deni lake. Wapo waume hodari sana wa kusema "unakuza mambo" pale tu wanapotakiwa kujibu. Dhulma ni dhulma hata ikiwa ya shibiri moja ya ardhi, na adhabu yake tumeisikia katika Hadithi.

Ninachokiogopa zaidi mwezi huu ni talaka. Futari imechelewa nusu saa, kuni zilikuwa mbichi, mtu anatamka neno. Kisha baada ya tarawehe anamvizia imamu pembeni, anauliza kama limehesabika kwa kuwa alikuwa na njaa. Ndugu yangu uliyekwisha tamka, usitafute jibu mtandaoni wala kwa marafiki. Njoo na mkeo, na kila upande ulete mtu mzima mmoja, tukae baada ya Alfajiri, watu wakiwa na daku tumboni.

Wassalaam alaykum warahmatullah.