Machale, Hipnosisi na Sauti ya Mungu: Maswali Sita ya Vijana



Jumapili moja baada ya Misa, dada mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. Tangu afiwe na mama yake, usingizi ulikuwa umempotea. Rafiki yake akampa namba ya mtu anayefanya tiba ya hipnosisi. Mtu huyo huyo, kwa malipo ya ziada, anafundisha "kufungua jicho la tatu" ili ujue mambo kabla hayajatokea. Akaniuliza: "Frateri, nikienda nitakuwa nimetenda dhambi?"

Kusema kweli, sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba wiki moja nikasome na kumwuliza padre mlezi wangu. Haya ndiyo niliyomrudishia. Nimeyapanga kwa maswali kwa sababu baadaye vijana wengine waliniuliza hayo hayo.

1. Hipnosisi ni kitu gani hasa?

Ni hali ya utulivu ambamo mawazo ya mtu yanakusanyika mahali pamoja, ya pembeni yanafifia, naye anakuwa mwepesi kupokea mapendekezo ya anayemwongoza. Umewahi kuzama kwenye filamu hadi ukaitwa mara tatu usisikie? Inakaribia hapo.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Lilienezwa na James Braid, daktari mpasuaji Mskoti, katika miaka ya 1840. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina halifai, kwa kuwa mtu halali. Kabla yake, Franz Mesmer alikuwa amedai kwamba kuna nguvu kama ya sumaku inayopita kutoka kwa mganga kwenda kwa mgonjwa. Mwaka 1784 tume iliyoundwa na Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, Benjamin Franklin akiwemo, ilipima madai hayo ikakuta hakuna sumaku yoyote. Kilichofanya kazi ni mawazo ya wagonjwa wenyewe. Na hili linanifurahisha: mmoja wa watu wa kwanza kufundisha wazi kwamba nguvu haiko kwa anayeongoza bali ndani ya anayeongozwa alikuwa padre Mkatoliki, Abbé Faria, mzaliwa wa Goa. Aliyaonyesha hayo mbele ya watu mjini Paris kuanzia mwaka 1813.

Kwa hiyo yule anayejitangaza kuwa ana "nguvu" ya kukulaza, muogope kwa sababu hiyo tu.

2. Je, inatibu kweli?

Kwa mambo kadhaa inasaidia, hasa maumivu na hofu ya kabla ya matibabu. Uingereza, chombo cha NICE kinachotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2008 kiliitaja tiba hii miongoni mwa njia za kufikiriwa kwa mgonjwa wa tumbo la kuvurugika ambaye dawa zimeshindwa kumsaidia kwa mwaka mzima. Ona ilivyowekwa: baada ya dawa, kwa ugonjwa unaojulikana, mikononi mwa wataalamu. Si muujiza, na haimfai kila mtu. Anayesikia sauti au kuona yasiyokuwepo asiiguse kabla ya kuongea na daktari wake wa akili.

3. Kanisa linasemaje?

Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pio XII alizungumza na madaktari kuhusu kuondoa maumivu. Alieleza kwamba hipnosisi inayofanywa na daktari kwa lengo la tiba, kwa tahadhari za sayansi na maadili, haikatazwi yenyewe. Inapimwa kwa vigezo vile vile vya kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi. Lakini akaonya papo hapo: ruhusa hiyo isichukuliwe kuwa ni ya hipnosisi ya kila namna. Si mchezo wa kujaribiwa na kila mtu.

Kwa nini awe makini hivyo? Kwa sababu akili na utashi ndivyo vinavyokufanya uweze kusema "ndiyo" au "hapana" kwa Mungu. Unaweza kuvilegeza kwa muda kwa sababu nzito, mbele ya mtu wa kuaminika. Huwezi kumkabidhi usukani mtu yeyote tu eti kwa sababu ana tangazo zuri.

Basi jiulize mambo matatu. Ni nani: ana elimu ya tiba na leseni, au kozi ya mtandaoni? Kwa lengo gani: ugonjwa, au udadisi? Anachanganya na nini? Na kama anataka mkutane peke yenu usiku, au usimwambie mtu, ondoka. Hapo huhitaji hata Katekisimu.

4. Inafungua mlango kwa pepo wabaya?

Hipnosisi ya daktari kwa ajili ya tiba si uchawi. Hatari iko kwenye mchanganyiko. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila namna ya kupiga ramli: nyota, kusoma viganja, kuita wafu, kutafuta kujua yaliyofichika. Sasa mtu akikuambia atakutuliza kwanza, halafu uongee na marehemu mama yako, hiyo ni ramli iliyovaa koti jeupe. Nilimwambia dada yule hivyo, naye akanyamaza muda mrefu. Nadhani ndicho alichokuwa anakitaka: kumsikia mama yake mara moja tu. Sikumlaumu. Lakini tunawafikia marehemu wetu kwa sala na Misa, ndani ya Kristo.

5. Mbona wengine "wanakumbuka" maisha waliyoishi zamani?

Mwaka 1952, huko Colorado, Marekani, mama mmoja akiwa kwenye hipnosisi alieleza kwamba aliwahi kuishi Ireland karne ya 19 kwa jina la Bridey Murphy. Kitabu juu yake kilitoka mwaka 1956, kikavuma sana. Kisha gazeti moja la Chicago likaripoti kwamba katika utoto wake aliishi jirani na mwanamke wa asili ya Ireland aliyeitwa Bridie, na ukoo wake wa kuzaliwa ni Murphy. Kumbukumbu zetu si kama video iliyohifadhiwa kwenye simu. Kila tunapokumbuka, tunazijenga upya, na mtu aliye mwepesi kupokea mapendekezo anaweza kujenga kitu ambacho hakikuwepo, tena akakiamini kwa moyo wote bila kudanganya. Imani yetu, kwa upande wake, iko wazi: tunaishi mara moja, tunakufa mara moja (Waebrania 9:27).

6. Na machale? Naruhusiwa kuyasikiliza na kuyakuza?

Hapa nina deni la kukiri.

Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, mchango wetu wa kundi ulipungua. Machale yakanicheza moja kwa moja: ni fulani, rafiki yangu. Niliona hadi anavyokwepa macho. Sikumshtaki, lakini niliacha kukaa naye mezani na wenzangu wakaelewa. Wiki tatu baadaye mtunza fedha aligundua amekosea hesabu kwenye daftari lake. Nilimwomba rafiki yangu msamaha, akanisamehe. Urafiki haukurudi kama zamani. Na kibaya zaidi, siku zote zile nilisali, nikadhani utulivu niliokuwa nao ni Roho Mtakatifu.

Machale si mabaya. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo tofauti juu ya jambo hili, waliandika makala pamoja mwaka 2009 wakakubaliana: hisi ya ndani inaaminika pale ambapo mambo yana mpangilio, na mtu amepata muda wa kutosha wa kujifunza kwa kuona alipopatia na alipokosea. Ndiyo maana muuguzi mzoefu wa watoto wachanga anaweza kuhisi mtoto ana maambukizi kabla majibu ya damu hayajatoka. Mimi nilikuwa na uzoefu gani wa kutambua wezi? Hakuna! Nilikuwa na hisia kali tu, na ukali wa hisia si ushahidi.

Maandiko yanalijua hili. Waebrania 5:14 inazungumzia watu wazima kiroho ambao hisi zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Zimezoezwa, hazikufunguliwa kwa siku moja! Mtakatifu Toma wa Akwino analiunganisha paji la shauri na fadhila ya busara, na sehemu mojawapo ya busara kwake ni kukubali kufundishwa na wengine. Samweli mdogo aliisikia sauti ya Mungu kweli, lakini bila mzee Eli asingejua ni ya nani.

Jaribu basi haya. Kila usiku, dakika kumi, pitia siku yako mbele ya Bwana na uangalie kila wazo lilikuacha vipi. Ndivyo alivyojifunza Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipolala na jeraha la vita mwaka 1521: ndoto za sifa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, ila za kumfuata Kristo zilimwachia amani inayodumu. Pili, andika machale yako kwenye daftari, na baada ya mwezi uone yapi yalikuwa kweli. Utanyenyekea, amini. Tatu, kama machale yanamhusu mtu mwingine, muulize mtu huyo kwa upendo kabla hujamhukumu moyoni.

Dada yule hakwenda kule. Alienda kwa mshauri wa hospitali, na tukaomba Misa kwa ajili ya mama yake. Bado kuna usiku anaamka analia. Ila sasa analala.

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, tupe moyo unaosikiliza, na unyenyekevu wa kuuliza kabla ya kusema "Mungu ameniambia". Amina.