Msamaria Hakuishia Kuelekeza Njia



Somo letu leo ni Luka 10:25-37, mfano wa Msamaria mwema. Najua wengi mnaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Hata hivyo fungua Biblia yako, soma taratibu, halafu rudi hapa. Leo naomba tuusome kwa macho ya yule aliyelala kando ya njia, kwa sababu mimi nimewahi kuwa huyo.

Januari 2019 nilikuwa New York, nina miaka 24. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa na kulala kwenye chumba tulichokodi watu watatu huko Queens. Mwenye mkataba akahama bila kutuaga. Nilirudi kazini usiku nikakuta kitasa kimebadilishwa. Nguo zangu ziko kwenye mfuko, mlangoni.

Nililala kwenye treni usiku tisa. Nilichagua treni ya E kwa sababu njia yake yote iko chini ya ardhi, kwa hiyo baridi haikuwa kali kama huko juu. Asubuhi nanawa uso kazini, naingia zamu. Mama akipiga simu kutoka Morogoro namwambia, "Niko salama, mama, namshukuru Mungu." Jumapili nikaenda Misa kama kawaida, nimekaa benchi la nyuma ili mtu asisikie harufu ya nguo zangu.

Parokiani nilikutana na watu watatu.

Wa kwanza alikuwa rafiki yangu. Aliona sipo sawa, akanipa dola ishirini na kuniambia ataniombea. Wa pili alinidadisi kidogo, akaelewa, akaniandikia namba 311 kwenye kikaratasi. Hiyo ni namba ya huduma za jiji, inapokelewa usiku na mchana. Akasema, "Piga hapo, watakuelekeza." Wote wawili walinitakia mema, na sina kinyongo nao.

Lakini kile kikaratasi kilikaa mfukoni siku sita.

Utaniuliza, kwa nini hukupiga? Aibu, ndugu yangu. Yaani nilimwacha mama anajua mwanawe yuko Marekani anatafuta maisha, leo nikaandikishwe kama mtu asiye na kwao? Halafu woga. Sikujua wataniuliza nini, watanipeleka wapi, nitalala na watu gani. Mtu aliyechoka hivyo hata kubonyeza tarakimu tatu ni mlima.

Wa tatu alikuwa mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, anayeimba sauti ya kwanza kwaya. Baada ya mazoezi ya Alhamisi alinifuata nje akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Mutoto yangu, unalalaka wapi?" Nikaanza kudanganya, machozi yakanitangulia. Hakunihubiria. Alifunga koti lake akasema, "Kuja, tuende."

Kumbe wakati ule mwanaume asiye na familia hakuhitaji barua ya mtu yeyote. Alikwenda mwenyewe, saa yoyote, kwenye kituo cha kupokelea watu, East 30th Street, Manhattan. Wanawake walikuwa na vituo vyao, na familia zenye watoto zilipokelewa kule Bronx. Tulifika karibu saa tatu usiku. Mlangoni unavua mkanda, unapita kwenye mashine ya ukaguzi. Ndani unapigwa picha, unaulizwa jina, ulilala wapi siku zilizopita, una ugonjwa gani, una ndugu anayeweza kukupokea. Kitambulisho kinasaidia, ila kukikosa hakukufungii mlango. Yule mama alikaa na mimi kwenye viti vya plastiki mpaka saa saba usiku, anasali rozari kimyakimya. Waliponiuliza mtu wa kuwasiliana naye, akataja namba yake kabla sijajibu.

Usiku huohuo nilipelekwa kwa basi kwenye shelta nyingine, ndivyo wenyewe tunavyoita malazi haya ya dharura. Sitawapamba: chumba kilijaa, watu wanakoroma, wiki ya kwanza nikaibiwa viatu. Lakini kilikuwa kitanda, na saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikaita. "Umelala?" Alipiga kila asubuhi kwa wiki mbili. Nilikaa huko miezi mitano, nikaweka akiba, nikapata chumba. Na mama yangu nilimwambia ukweli. Alilia, halafu akaomba aongee na yule mama wa Bukavu.

Baadaye nilijifunza kitu kilichonigusa sana. Mwaka 1979 mwanasheria kijana, Robert Hayes, alilishtaki jiji na jimbo la New York kwa niaba ya wanaume waliolala mitaani. Mmoja wao aliitwa Robert Callahan. Hoja yake ilisimama kwenye katiba ya jimbo, inayotamka kwamba kuwasaidia wahitaji ni jukumu la umma. Mwaka 1981 jiji lilisaini makubaliano ya kuwapa malazi wanaume wasio na makazi, na baadaye haki hiyo ikawafikia wanawake na familia. Callahan hakuiona siku ile. Alikuwa ameshafia mtaani.

Kwa hiyo haki yangu ilikuwepo kabla sijazaliwa, na namba ilikuwa mfukoni. Nilichokosa ni mtu wa kwenda naye.

Sasa rudi kwenye Injili. Msamaria hakumwambia majeruhi, "Nyumba ya wageni iko mbele kidogo." Alimpandisha kwenye mnyama wake, akafika naye, akamtunza usiku ule. Kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kwamba atarudi. Tuchukue mambo matatu.

Kwanza, Msamaria hakufanya yote peke yake. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba. Kumpeleka mtu kwenye huduma iliyopo si kumkwepa. Huna nafasi nyumbani? Sawa. Ila mfikishe mlangoni.

Pili, alikusudia kurudi. Piga simu kesho yake. Mwekee nafasi benchini Jumapili.

Tatu, na hili ni kwako unayelala pabaya usiku huu: majeruhi alikubali kubebwa. Kusema "sina pa kulala" si dhambi. Kama uko New York, piga 311 kwanza, kwa kuwa vituo huweza kuhama. Popote ulipo, mwambie mtu mmoja leo.

Tafakari wiki hii: Ni nani nimempa namba na sijamuuliza tena? Benchi la nyuma la kanisa letu hukaa nani? Mimi mwenyewe namficha nani ukweli?

Tusali: Ee Yesu, uliyezaliwa pasipo nafasi katika nyumba ya wageni, utupe miguu ya kwenda na mwenzetu mpaka mlangoni, na unyenyekevu wa kupokelewa tukichoka. Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, uliyelala katika magofu ya Roma, utuombee. Amina.