SOMO: Daktari Ajifunzie Wapi Kushika Kisu?



Katika vikundi vya cherehani, msichana anayeanza hapewi kitambaa cha mteja. Hupewa karatasi yenye mistari ashone bila uzi mpaka mkono unyooke. Akikosea, karatasi ndiyo inatoboka. Je, daktari anayejifunza upasuaji, karatasi yake ni nini? Kwa miaka mingi imekuwa mgonjwa mwenyewe, tena mara nyingi mgonjwa maskini. Mwalimu husimama karibu, ni kweli. Lakini mwili ni wa mtu.

Siku hizi kuna njia nyingine, inayoitwa uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani ya kompyuta inayofunika macho yote, akaona thieta na mgonjwa ambaye hayupo. Akisogeza mkono, kisu anachokiona nacho kinasogea. Akikata mshipa, ni damu ya picha tu, anaanza upya. Mwalimu anaweza kuwa nchi nyingine, akamfuata kwa intaneti. Tarehe 14 Aprili 2016, Daktari Shafi Ahmed wa London alimpasua mgonjwa wa saratani ya utumbo huku watu wa nchi nyingi wakitazama kwa simu zao, kana kwamba wamesimama pale mezani.

Ama ni mchezo wa video tu? Karibu nasi zaidi ni habari ya mtoto wa jicho, ugonjwa tunaoujua kwa wazee wetu. Wanafunzi wa upasuaji wa macho kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifanya mazoezi makali juu ya macho bandia. Matokeo yalichapishwa 2021: katika mwaka uliofuata, kifuko chembamba cha lenzi kilipasuka mara kama 8 katika kila operesheni 100 za hao, na mara kama 27 kwa wenzao. Hapo hapakuwa na miwani ya ajabu, ni macho ya kutengenezwa tu! Sisi jambo hili limetupendeza kuliko miwani yenyewe.

Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa 1999 na chenye ofisi Arusha, humfundisha daktari katika hospitali anamofanya kazi. Mazoezi yakimfikia hukohuko, wodi haibaki tupu kwa sababu ameenda kusoma mbali.

Lakini wacha tuseme ukweli. Miwani haileti damu ya kuongezewa, wala mtaalamu wa nusukaputi. Intaneti ikikatika, mwalimu naye amepotea. Na mama aliyeshikwa na uchungu usiku huku ufukweni bado anahitaji gari la kumfikisha Siaya au Kisumu. Kikundi kilicho na akiba ya dharura kisiache kuweka eti teknolojia inakuja.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na hatari zake kabla hajakubali. Wengi wetu tunaweka tu kidole gumba, tunaogopa kumchosha daktari.

Mkikutana, jadilini: Nani hapa amewahi kuuliza ni nani atakayempasua, na alifanyia mazoezi wapi? Alijibiwaje? Mzee asiyesikia Kiswahili vizuri, nani atamsindikiza amwulizie kwa Dholuo?