Ukaguzi Umezimwa, Kosa Bado Lipo

Kompaila ya GNAT, inayotumiwa na waandishi wengi wa lugha ya Ada, ina swichi iitwayo -gnatp. Ukiiweka, programu inapoendeshwa haiangalii tena kama umevuka mwisho wa safu, wala kama hesabu imefurika. Kasi inaongezeka kidogo. Makosa yanabaki pale pale, ila hayapigi kelele, na kuyanasa kunakuwa kazi yako.

Kabla hujazima chochote, pekua msimbo wote utafute kila palipoandikwa when Constraint_Error. Wapo wanaoiacha hesabu ifurike makusudi, kisha wanaidaka eksepsheni na kuchukua njia nyingine. Ukaguzi ukizimwa, mara nyingi njia hiyo haifikiwi tena, na programu inaendelea na namba mbovu. Sehemu hizo ziandike upya kwa if ya kawaida.

Data zinazotoka nje ndizo za kuogopwa zaidi. Tuseme una aina ya asilimia, 0 hadi 100, inayotunzwa kwenye baiti moja. Kihisi cha unyevu wa udongo kimeharibika, kimeleta 300. Ukaguzi ukiwapo, programu inasimama na kukutajia mstari wenye kosa. Ukiwa umezimwa, 300 inakatwa ienee kwenye baiti na kinachobaki ni 44. Unyevu wa asilimia 44, nani ataushuku? Hata ukiuliza kwa 'Valid, utajibiwa kuwa ni halali, maana 44 imo ndani ya mipaka. Basi pokea namba kwenye aina pana kama Integer, ilinganishe na mipaka, ndipo uibadilishe. Sharti uliloandika mwenyewe kwa mkono haliguswi na -gnatp. 'Valid itumie pale baiti inaposomwa ghafi kutoka kwenye faili au waya: ikija 120, itakuambia haifai.

Halafu kuna kigeu kinachosomwa kabla hakijapewa thamani. Hiki kinasumbua, kwa sababu leo kinaweza kuleta jibu sahihi kwa bahati tu. Weka pragma Initialize_Scalars kwenye faili la gnat.adc, ujenge programu nzima upya, na hatua ya gnatbind uipe -Sev. Sasa endesha jaribio lile lile mara mbili: kwanza GNAT_INIT_SCALARS ikiwa lo, kisha ikiwa hi. Vigeu visivyopewa thamani vitajazwa namba ndogo kabisa mara ya kwanza, na kubwa kabisa mara ya pili. Majibu yakitofautiana ilhali data ni zile zile, umeshamshika mwizi. Kilichobaki ni kujua anakaa mstari gani.

Kila siku jenga matoleo mawili, moja la ukaguzi lenye -gnata na -gnatVa, jingine la kwenda kazini, na yote mawili yapitie majaribio yale yale. Kuzima ukaguzi wa programu nzima, kwa maoni yangu, ni uvivu. Pima kwanza ujue muda unapotelea kwenye utaratibu upi, kisha weka pragma Suppress kwa Index_Check pekee, ndani ya utaratibu huo mmoja.

Wa Rust wasijione wamepona: 200 jumlisha 100 kwenye u8, toleo la release linakupa 44 vilevile, mpaka uweke overflow-checks = true au utumie checked_add. Wa C watumie -fsanitize=address,undefined kwenye toleo la majaribio.

Majaribio hayo yafanyie kwenye mashine ya aina ile ile itakayofanya kazi. Ukigawa namba kamili kwa sifuri kwenye prosesa ya Intel, prosesa yenyewe inagoma na Linux inaitumia programu ishara ya kosa, hata kama kompaila haikuweka ukaguzi wowote. Kwenye ARM ya biti 64, amri hiyo hiyo inarudisha 0 na kazi inaendelea.