Kukodi Gari au Kulinunua: Khasara Ni ya Nani?

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alitujia kijana mmoja wa hapa Mombasa na karatasi ya mkataba, akatuomba tuisome kabla hajaitia sahihi. Kijana huyu huchukua mchele na viungo kutoka Marikiti akavipeleka kwa wenye maduka ya Likoni na Mtwapa, siku mbili kila juma, kwa gari la kukodi ambalo humlipa mwenyewe shilingi 3,000 kwa siku. Sasa ataka gari lake. Malipo ya kwanza atayapata kwa kuuza dhahabu ya mkewe.

Tuliyomjibu twayaandika hapa, kwa kuwa mikataba ya namna hii imeenea, na wengi huitia sahihi bila ya kuisoma.

Yatupasa kwanza tutenge mambo mawili ambayo ulimi wa biashara huyachanganya. Kununua ni kumiliki kitu chenyewe. Kukodi, nayo ndiyo ijara, ni kununua manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana, na kitu chenyewe hubaki cha mwenyewe. Mnunuzi akisha kukabidhiwa, faida ni yake na khasara ni yake. Mkodi hulipa ujira na petroli yake, na mkono wake juu ya gari ni mkono wa amana: likiibwa au likiungua pasipo yeye kupita mpaka wala kuzembea, hadhamini kitu. Injini ikifa, kuitengeneza ni juu ya mwenye gari, kwani alichouza ni manfaa, na gari bovu halina manfaa. Basi mwenye kutaka kujua mkataba wake ni wa namna gani, asitazame jina lililoandikwa juu yake. Na aulize: gari hili likiungua usiku huu, khasara ni ya nani?

Tukaisoma ile karatasi kwa swali hilo. Gari ni Probox iliyokwisha kutumika Japani, bei yake taslimu shilingi 900,000. Kijana atoe 300,000 mwanzo, kisha 28,000 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 1,308,000. Muda wote huo karatasi yamwita mkodi, na gari ni la muuzaji. Walakini matengenezo, bima na khasara ya kuungua vyote ni juu ya kijana, na akichelewa kulipa huongezewa kwa kila siku. Yaani inapokuja haki yeye ni mkodi, na inapokuja khasara yeye ni mnunuzi.

Ile ziada ya 408,000 siyo iliyotutia wasiwasi. Wanavyuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Kishafii ni miongoni mwao, wameruhusu bei ya muda ipite ya taslimu, madhali wenye kuuziana wameachana juu ya bei moja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilisema hivyo Jeddah mwaka 1990, na papo hapo likakataza kumwongezea mdaiwa kwa kuchelewa kwake. Baraza hilo lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilikataza kukusanya bei na ijara juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na likashurutisha kuwa ijara yenye kuishia katika umiliki iwe ijara ya kweli, na dhamana ya kitu iwe juu ya mwenyewe. Karatasi ya kijana wetu haikupita katika mlango wowote wa hiyo.

Sheria ya nchi nayo ina lake. Sheria ya Kenya ya mikataba hii, iliyopitishwa mwaka 1968, yamzuia mwenye gari kulinyakua bila ya kwenda mahakamani pindi mkodi akisha kulipa thuluthi mbili za bei. Ni hisani kubwa, lakini hesabuni: thuluthi mbili za 1,308,000 ni 872,000. Baada ya miezi 20 kijana atakuwa amelipa 860,000, karibu ya bei nzima ya taslimu, na bado zampungukia 12,000 kuifikia hifadhi ile. Akiugua mwezi wa 21, gari laweza kuondolewa mlangoni pake, na dhahabu imekwenda.

Ama hiyo dhahabu, ni mali ya mke, si ya nyumba. Tulimwuliza: amekupa, amekukopesha, au ameshirikiana nawe? Akanyamaza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, na hatukuona ikiwatoa mume na mke.

Je, lipi bora? Kodi yake ni 6,000 kwa juma, yaani 312,000 kwa mwaka, na magurudumu, bima na injini ni juu ya mwengine. Mafungu peke yake ni 336,000 kwa mwaka, mbali ya zile 300,000 na mbali ya gharama hizo. Kweli mwishowe hubaki na gari, lakini limezeeka miaka mitatu zaidi, wala gari si shamba la minazi. Kwa kazi ya siku mbili, siku tano litalala nje likila bima. Akipata kazi ya siku tano hesabu yageuka: kodi itakuwa 780,000 kwa mwaka, na kuendelea kukodi hapo ni kupoteza mali. Alituambia majirani humcheka kwa kuendesha gari la mtu. Hilo hatukulitia katika hesabu.

Atakaponunua, bora ni taslimu, japo gari dogo. La sivyo, bei ya muda iliyo wazi, kwa muuzaji au kwa benki za Kiislamu zilizofunguliwa Kenya tangu mwaka 2008. Huko nako asome: je, benki imelimiliki gari na kulikabidhi kabla ya kumuuzia? Jina la benki kuandikwa pamoja na lake katika logibuku mpaka deni liishe si kosa, ni mfano wa rahani. Gari ni lake.

Kijana aliikunja karatasi bila ya kuitia sahihi. Alisema atamwuliza muuzaji kama yu radhi kumuuzia moja kwa moja kwa mafungu yale yale, gari liwe lake tangu siku ya kwanza, na ile nyongeza ya kuchelewa ifutwe. Lakini kabla ya hapo, akasema, ana mazungumzo nyumbani.