SOMO: Mbio Ambazo Bayi Hakukimbia

Leo tunajifunza neno KUSUSIA. Kususia ni kukataa kushiriki jambo ili kupinga uonevu.

Mwaka 1974 Mtanzania Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand. Wa pili alikuwa mwenyeji, John Walker. Watu wakangoja wapambane tena kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976.

Lakini mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, kwa makaburu waliowabagua Waafrika. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 zikasusia Olimpiki. Walker akapata dhahabu. Na Bayi je? Alingoja mpaka Moscow, 1980, akapata medali ya fedha, mbio za kuruka viunzi.

Tujadiliane:
1. Tanzania ilisusia kwa nini?
2. Bayi alipoteza nini?
3. Ungekuwa wewe, ungekubali?