Ada ya Miaka Sita Haichangwi kwa Usiku Mmoja

Sisi watu wa Ludewa tunaoishi Makambako tumekuwa tukiandaa chakula cha hisani kuwachangia vijana wa Mlangali na vijiji vya jirani wanaopata nafasi ya kusomea udaktari nje ya nchi. Mimi ndiye mweka hazina. Niliyojifunza nayaandikia kamati nyingine, maana najua Makete na Wanging'ombe kuna wenzetu wanaopanga jambo kama hili.

1. Ukumbi baadaye, kwanza karatasi ya ada

Kikao cha kwanza watu hupenda kuuliza mgeni rasmi atakuwa nani na MC ni yupi. Sisi tunafungua daftari. Hapa nchini shahada ya udaktari ni miaka mitano. China, Urusi na Cuba kwa kawaida ni sita. Kila mwaka tunauandikia ada, hosteli, bima, viza na nauli, mpaka wa mwisho.

Halafu tunaongeza mwaka ambao wengi hawaukumbuki. Aliyesoma nje akirudi haingii wodini kesho yake. Shahada yake lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, afanye mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha aende utarajali kwa mwaka mzima. Kabla hajapangiwa hospitali anaweza kukaa miezi kadhaa bila senti, na anakula, anapanda daladala, analipia mitihani. Familia iliyouza shamba la miti ili asome haina tena cha kuuza. Kwa hiyo fedha ya kipindi hicho tunaichanga tangu siku ya kwanza. Na asiyepata barua ya TCU kwamba haina pingamizi na masomo yake, hatumchapishii kadi.

2. Ahadi ni za shilingi, ada ni ya dola

Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Chukua ada ya dola 4,000 kwa mwaka: ilikuwa milioni 9.2, ikawa milioni 10.4, na chuo hakijapandisha hata senti. Ukiuza gunia la mahindi kwa shilingi 60,000, hayo ni magunia 20 ya ziada ambayo hakuna aliyeyaahidi ukumbini. Siku hizi tunakisia dola juu kuliko ilivyo benki, na kinachobaki kinakuwa akiba ya mwaka unaofuata.

3. Mzazi asisimamishwe kuonyesha umaskini wake

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Washereheshaji wamezoea kumwinua mzazi aeleze alivyouza ulanzi na kulala njaa ili mtoto asome, watu watoe machozi, kisha watoe pesa. Jioni moja mama wa binti aliyekuwa anakwenda kusoma alikabidhiwa kipaza sauti kwa nia hiyohiyo. Akasema, "Kamwene," ukumbi ukaitikia, kisha akamgeukia MC: "Baba, habari za nyumbani kwangu ziache. Ngoja niwaambie habari za wagonjwa."

Akaeleza masika moja walivyombeba mjamzito kwa machela kutoka bondeni, wanaume wakipokezana, miguu ikizama kwenye tope, mpaka barabarani, na hapo wakasubiri gari la kuwapeleka hospitali ya misheni Lugarawa. Hakusema kwamba binti yake ndiye atakayekomesha hayo. Alisema kule bondeni bado watu wanabebwa, akaketi. Mzee mmoja wa mbao akasimama kulipia ada ya mwaka mzima, na alipoulizwa jina gani litangazwe, akasema liandikwe daftarini tu.

Tangu hapo kijana na mzazi wake wanakaa meza moja na wageni, wanakula kama wageni. Anayetaka kujua sababu ya kuchanga tunamweleza kuhusu vijiji vya Ludewa vilivyo chini ya milima ya Livingstone, kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako mgonjwa huanza safari yake kwa mtumbwi. Wazee huongeza lile alilokuwa akilikumbusha Mwalimu Nyerere, kwamba Uhuru ulitukuta na madaktari 12 Watanganyika. Hizo ni sababu tosha. Heshima ya mtu haiwezi kuwa sehemu ya burudani ya jioni.

4. Mnada uwe wa vitu vya kwetu

Viazi vya Mlangali, maharage, parachichi, mbao, jogoo. Keki hununuliwa na mmoja ikaisha, ila gunia la viazi linaweza kuuzwa, likarudishwa, likauzwa tena mpaka MC akauke koo.

5. Swali la daktari mmoja au matabibu kadhaa halikwepeki

Kila mwaka kuna mjumbe anayelileta, na ana haki. Fedha ya kumsomesha mmoja nje ingewatosha vijana kadhaa kusomea uuguzi au utabibu hapahapa mkoani, Ilembula kwa mfano. Jibu letu limebadilika kadiri mambo yalivyobadilika. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya, na ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza 2022 huwachukua waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Basi tunamtafuta aliyekosa milango yote: mwenye PCB ya kutosha, chuo cha nje kimempokea, kwao hawana uwezo.

Ila kuna mfano ninaourudia vikaoni. Bugando kule Mwanza ilianza kufundisha madaktari mwaka 2003 na wanafunzi 10. Touch Foundation ya New York, iliyoanzishwa 2004, ikachangisha fedha kwa wenye nazo kule Marekani ili kukiendeleza chuo chenyewe. Ningefurahi kuona sehemu ya harambee zetu ikienda kwenye vitanda vya bweni na vitabu vya chuo cha afya cha karibu. Wajumbe bado hawajakubali, na sitaacha kuwaomba.

6. Usilipe miaka yote kwa mkupuo

Vita vilipozuka Februari 2022, wanafunzi wetu waliokuwa Ukraine walikimbilia Poland na nchi jirani na mabegi mgongoni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Khartoum. Tanzania ikawarudisha wa kwake, na Muhimbili ikawapokea wanafunzi wa udaktari wa chuo cha Sudan waje kuendelea na mafunzo ya vitendo. Sisi tunalipa muhula kwa muhula, moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Vyuo vingine hutoa punguzo kwa anayelipa yote mapema, na mara zote tumeliacha.

7. Panga tarehe na mkulima

Ahadi ya Machi ni ya mtu aliyemaliza hela kwenye mbolea. Hafla yetu tumeihamishia Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa na muhula wa Septemba haujafika. Kwa wa Mlangali wasioweza kuja Makambako, katibu anakwenda na daftari Jumapili baada ya ibada, anapokea hata shilingi elfu mbili, na kila aliyetoa anaandikiwa risiti iliyopigwa muhuri uleule anaogongewa mzee wa mbao.